Injini za malori ya zamani: isikilize inaumwa nini kabla hujafungua hedi

Wakuu habari za barabarani. Hii naiandika kwa wenye Scania 113, Fuso zenye injini ya 6D22 au zile ndogo za 6D15 na 6D16, Nissan Diesel na Isuzu za zamani, hata kama una Bedford ya mzee imelala shambani. Yaani injini yoyote ya dizeli yenye pampu ya kusukuma dizeli pembeni na vibomba sita vinaenda kwenye nozo zinazorusha dizeli ndani ya silinda, hamna kompyuta, hamna sensa, hamna taa ya kukuambia kosa namba ngapi. Uzuri wa hizi injini ndo huohuo, na shida yake ndo hiyohiyo: haikuandikii kosa, inakuambia kwa moshi, kwa sauti, kwa harufu na kwa hali ya oili, sasa kama husikilizi inakufia mkononi.

Na nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa na haraka ya kufungua hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda. Mimi mwenyewe nimeshafanyiwa. Nilikuwa napanda mlima Kitonga na tani 28 za saruji, 113 ikaishiwa nguvu ghafla, haitoi moshi, haichemshi, inatambaa tu kama imebeba mlima wenyewe. Nikaifikisha gereji moja mjini, wakaisikiliza dakika tano wakasema hedi gasketi. Siku nne gari imefunguliwa, gasketi mpya, hela imekwenda, inarudishwa ni ileile haivuti. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na spana yake mfukoni akainama pembeni ya pampu akashika kile kihozi kidogo cha upepo kinachotoka kwenye manifodi (njia ya hewa ya kuingia injini) kwenda juu ya pampu, akakipinda, kikafunguka mpasuko kama mdomo wa samaki. Akakata kipande cha mwisho akakirudisha na klipu, gari ikavuta. Kihozi cha bei ya soda. Nitaeleza chini kile kihozi kinafanya nini.

Kwa nini bado tunazo? Chukua injini ya DSC11 iliyo kwenye 113. Lita 11, silinda sita mstari mmoja, pistoni ya milimita 127 na mwendo wa milimita 145. Herufi zenyewe zinajieleza, D ni dizeli, S ni tabo (kifeni kinachosukuma hewa ndani ya injini), C ni intakula (kipoza hewa ya tabo). Series 3, kizazi cha Scania chenye 113, ilitangazwa 1987, ikachukua Lori Bora la Mwaka Ulaya 1989, series 4 ikaja 1995, na mpaka leo 113 inapanda milima. Slivu zake (mirija ambamo pistoni inapanda na kushuka) ni za maji, yaani maji yanazizunguka, unaivuta ya zamani unaweka mpya bila kupeleka bloku kuchongwa, hiyo kazi nimeiona inafanyika chini ya mwembe kwa turubai. Ikishawaka hata umeme wote ukifa gari inakufikisha. Wazee waliotufundisha walianzia kwenye Fiat na Leyland za enzi zile Zambia imekosa njia ya kusini baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru 1965, mafuta yakawa yanabebwa na malori kutoka Dar kwenye barabara ya vumbi na matope mpaka bomba la TAZAMA lilipoanza kazi 1968. Wale walikuwa wanatibu injini porini kwa masikio, na karibu kila kitu nachoandika hapa kimetoka kwao.

Inazungushwa vizuri ila haiwaki

Mwambie utingo apige stata, we simama nyuma uangalie bomba la moshi. Kama hamna moshi kabisa, dizeli haifiki ndani. Kama unatoka moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa na usizichanganye.

Hamna moshi: anza na waya wa kuzimia. Usicheke, nimeona watu wamebomoa filta, wametoa bomba, kumbe waya umekwama na lile lever la pampu limebaki kwenye kuzima. Lisukume kwa mkono. Kama sio hilo, ni upepo kwenye mfumo. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono, itatoka povu, endelea mpaka itoke dizeli safi bila povu ndo ubane huku bado unapiga. Alafu legeza nati za bomba mbili kwenye nozo, piga stata mpaka ziteme, bana, itawaka.

Sasa kama kila asubuhi unatoa upepo, usijizoeshe kama watu wanavyofanya mwaka mzima, kuna sehemu inavuta hewa. Na watu wanatafuta panapovuja dizeli, hapo wanakosea, kwasababu upande wa kutoka tenki mpaka pampu ndogo ya kuvutia dizeli unavuta, hauskumi, kwa hiyo unaweza ukanyonya hewa na nje pakawa pakavu kabisa. Nachofanya mimi ni kuchukua kipande cha hozi ya plastiki inayoonyesha ndani naifunga kwa muda mahali pa hozi ya kuvutia, nawasha, naangalia. Vipovu vikipita unavihesabu kwa macho. Unarudi nyuma kiungo kimoja kimoja mpaka vinapokoma. Mara nyingi ni zile washa za shaba zimetumika mara ya tatu. Washa mpya ni shilingi ngapi jamani.

Moshi mweupe na haiwaki: angalia kwanza kasi ya stata. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyokandamizwa, sasa stata ikizunguka kivivu hewa inapoa kabla haijafika joto la kuwasha. Safisha vichwa vya betri, kaza waya wa bodi, hapo nusu ya gari za asubuhi zinawaka. Ikiwa stata iko fiti na bado, ndo unaanza kufikiria ringi za pistoni, valvu, au pampu imesogea taiming (muda wa kurusha dizeli). Na tafadhali, achana na kitambaa cha petroli kwenye mdomo wa hewa. Itawaka ndiyo, ila ule mlipuko unavunja ringi na sehemu za pistoni zinazoshika ringi, na ukishaizoesha haitowaka tena bila hiyo.

Asubuhi inawaka vizuri, ikiwa ya moto inagoma

Hii ni pampu kuchoka. Ndani ya pampu kuna vipistoni vidogo vinavyosukuma dizeli, uwazi kati yake na ukuta ni maikroni chache tu, unywele wa mtu ni kama 70. Vikilika, dizeli ya moto inakuwa nyepesi inarudi nyuma badala ya kwenda kwenye nozo, na kwa kasi ndogo ya stata presha haipandi. Kujua, funika pampu na kitambaa kilicholowa maji subiri ipoe kidogo kidogo, ikiwaka umepata jibu. Usimwage ndoo ya maji baridi juu ya pampu ya moto, inaweza kushika.

Kinachoviua ni mafuta machafu, na kwa miaka mingi ilikuwa mafuta ya taa. Dizeli inalainisha pampu, mafuta ya taa hayalainishi. Ndo maana EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta) kwenye mafuta 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe na faida kuchanganya, Kenya nao 2018 wakaweka shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. 2015 Afrika Mashariki ikashusha salfa ya dizeli mpaka 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), hii ni nzuri kwa mapafu yetu na kwa oili, ila mafuta yakishachakachuliwa pampu ya zamani ndo inakuwa ya kwanza kulia. Nunua kituo unachokijua, na mwaga maji ya kwenye filta kila wiki.

Moshi

Hapa ndo penye utajiri wote wa hizi injini, ukijua moshi umejua nusu ya ufundi.

Mweusi maana yake dizeli imezidi hewa. Basi, hamna siri nyingine. Ama hewa imepungua ama dizeli imeongezeka. Anza na hewa kwasababu ni bure: filta ya hewa itoe ipigishe mwanga, usiipige kwenye tairi maana unapasua karatasi na vumbi la Singida linaingia moja kwa moja kwenye tabo. Kisha hozi za intakula, zile kubwa za mpira, paka maji ya sabuni kwenye klipu zote, mtu apige resi, pakitoa povu ndo hapo upepo unapotelea. Hozi inaweza kuwa imepasuka upande wa chini usioonekana, pitisha mkono injini ikiwa imezimwa. Baada ya hapo tabo, itoe hozi ya mbele ushike kile kifeni kwa vidole, kizungushe, kikigusa nyumba yake kimekwisha.

Hewa ikiwa iko sawa unarudi upande wa dizeli. Nozo inayodondosha badala ya kurusha ukungu itatoa moshi mweusi na sauti ya kugonga. Na kuna hili la kufungua pampu, yaani dereva anamwambia fundi amwongezee mafuta ili apande mlima mbele ya wenzake. Mi hili silipendi hata kidogo. Ule moshi mweusi unaouona unafukuta nyuma ni hela yako inatoka haijaungua, na joto la ziada linaenda kwenye pistoni na kwenye tabo. Nimeshika pistoni ya Fuso iliyoyeyuka kwenye ukingo kama mshumaa, mwenye gari alikuwa anajisifia mwezi mmoja kabla kwamba gari yake inawapita wote mlima Sekenke.

Bluu ni oili inaungua. Swali sio kama inaungua, swali ni inatokea wapi, na jibu unalipata kwa kuangalia ni saa ngapi moshi unatoka. Ukishuka mlima mrefu kwa kubana na injini, alafu chini unakanyaga mafuta linatoka wingu la bluu kisha linaisha, hizo ni gaidi za valvu (mirija inayoshika valvu), oili ilinyonywa wakati unashuka. Ukitoka bluu muda wote ukiwa na mzigo, ni ringi na slivu. Ukisimama sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) muda mrefu ukiondoka inatoa bluu, angalia tabo, na kabla hujanunua tabo angalia lile bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo kwenda sampu (bakuli la oili chini ya injini), likiziba na oili iliyoungua tabo nzima mpya itavuja vilevile na utasema umeuziwa feki.

Kuna kipimo cha mfuniko ambacho nakipenda sana. Injini iwe ya moto, sailensa, fungua mfuniko wa kujazia oili uugeuze uuweke juu ya tundu bila kufunga. Ukitulia au ukicheza kidogo sawa. Ukirushwa ukaanguka, upepo wa silinda unapita kwenye ringi kwenda chini, hapo ndo unaweza kuanza kuongelea ovaholi. Hakikisha kwanza bomba la kupumulia la injini halijaziba, likiziba litakudanganya.

Mweupe: kule Mafinga na Makambako asubuhi kwenye baridi kila dizeli ya zamani inatoa mweupe kidogo, ikipata moto unaisha, hiyo ni kawaida yake achana nayo. Mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli huku injini inamisi, kuna silinda haichomi. Mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto, haunuki dizeli, na maji kwenye rejeta yanapungua bila kuvuja nje, hayo ni maji yanaingia silinda.

Kutafuta silinda inayomisi ni rahisi kwenye injini hizi na ndo raha yake. Sailensa, legeza nati ya bomba kwenye nozo ya kwanza kidogo tu mpaka dizeli itoke. Mlio ukibadilika, injini ikalegea, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, bana nenda ya pili. Ukilegeza moja na injini haishtuki kabisa, ndo huyo mgonjwa. Ila sikiliza vizuri hapa: usiweke kidole wala kiganja mbele ya dizeli inayotoka. Presha ya mle ni mamia ya bar, inatoboa ngozi kama sindano na dizeli inaingia ndani ya nyama, kwa nje unaona kitundu tu hakiumi sana, na mtu anaweza kupoteza mkono. Ikikutokea nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri ivimbe. Funika na tambara, vaa glovu.

Na kama tatizo limeanza baada ya gari kutoka gereji, angalia bomba hazijapishana. Mpangilio wa kuchoma kwenye nyingi za silinda sita, Scania na Fuso zikiwemo, ni 1-5-3-6-2-4, na bomba za pampu zimepangwa hivyo, mbili zikipishana injini itatetemeka itoe mweupe na utaambiwa valvu imepinda.

Haivuti mlimani

Turudi kwenye kihozi changu cha Kitonga. Kanuni ni hii: haivuti na inatoa moshi mweusi, tafuta hewa. Haivuti na haitoi moshi, tafuta dizeli. Basi. Yangu haikuwa na moshi, kwa hiyo hata bila kugusa spana jibu lilikuwa upande wa dizeli, na yule fundi wa hedi angejiuliza hilo tu nisingelala siku nne pale.

Juu ya pampu za injini zenye tabo kuna kibofu chenye mpira ndani. Tabo ikisukuma upepo, kihozi kinapeleka upepo ule kwenye kibofu, kibofu kinaruhusu pampu iongeze dizeli. Kihozi kikipasuka au mpira wa ndani ukichanika, pampu inadhani tabo imelala, inakupa dizeli kidogo kama ya injini isiyo na tabo. Gari inakuwa nzuri tu bila mzigo, ukipandisha inakufa.

Mengine ya upande wa dizeli yapitie kwa mpangilio: filta ya dizeli, kichujio kidogo cha kwenye pampu ya mkono ambacho watu wanakisahau miaka mitano, tundu la kupumulia la mfuniko wa tenki (fungua mfuniko ukisikia fyuuu inavuta hewa ndani, umepata), na waya wa mafuta. Hili la mwisho lifanye wewe mwenyewe, utingo akanyage mpaka chini we uangalie kama lever ya pampu inafika mwisho. Waya ukilegea inabaki sentimita moja na hapo umepoteza robo ya nguvu.

Kuhusu zile zisizo na tabo, kama 6D15 za kawaida na Isuzu nyingi, ukipanda kutoka Dar kwenda Njombe zitachoka tu kwasababu hewa ya juu ni nyepesi, karibu asilimia 10 ya nguvu inapotea kila mita 1,000. Huo sio ugonjwa, usimruhusu mtu aifungue pampu kwa hilo.

Inachemsha

Kwanza mfuniko wa rejeta. Watu wanafunga na tambara, wengine mfuniko springi imekufa. Maji Njombe yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, sio 100, kwasababu ya kimo. Mfuniko mzima unaweka presha na kupandisha kile kiwango juu ya 100. Bila mfuniko mzima unachemsha kwenye joto ambalo injini yenyewe inaliona la kawaida. Ukinunua mfuniko nunua wa presha ileile iliyoandikwa kwenye ule wa zamani.

Kisha nje ya rejeta. Kati ya intakula na rejeta kuna uwazi ambao huuoni ukisimama mbele. Gari moja ya jamaa yangu iliyokuwa inabeba pamba Shinyanga ilichemsha miezi mitatu, imebadilishwa wota pampu, imebadilishwa hedi gasketi, siku tumesogeza intakula mbele tukakuta kuta nzima ya pamba, vumbi na mafuta imeshikana kama godoro, unaibandua na kiganja inatoka kipande kizima. Osha kutoka upande wa feni kwenda mbele, maji ya presha ndogo usilaze mapezi.

Mkanda wa feni, mbonyeze. Ukiteleza kwenye mlima feni inazunguka polepole wakati ndo unaihitaji zaidi.

Thamostati, hapa nitasema kwa nguvu: usiitoe ukaacha wazi. Najua kila mtu anatoa. Kwenye injini nyingi za hivi thamostati ikifunguka inaziba pia njia fupi ya maji ya kurudi injini bila kupita rejeta. Ukiitoa ile njia fupi inabaki wazi siku zote, maji kibao hayapiti rejeta, kwa hiyo ukiwa na mzigo mlimani unachemsha zaidi, na ukiwa bila mzigo kwenye baridi injini haifiki moto wake, na injini ya baridi inakula slivu na kuchafua oili. Pima thamostati kwenye sufuria ya maji ya moto, ikifunguka vizuri irudishe.

Hedi gasketi nayo inapasuka, sikatai, ila ina dalili zake. Asubuhi kabla hujawasha, minya hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa imelala usiku mzima na bado ngumu kama jiwe, kuna upepo wa silinda unaingia kwenye maji. Au ukiwa injini bado baridi fungua mfuniko, jaza maji, washa sailensa, vipovu vikija mfululizo bila kukoma, hapo ndo hedi. Injini ikiwa ya moto usifungue huo mfuniko kabisa, nimeona mtu ameungua uso wote.

Na maji unayoweka. Slivu za maji zina ugonjwa ambao hauonekani: slivu inatetemeka kila inapochoma, vipovu vidogo vinapasukia kwenye ukuta wake wa nje na kuula taratibu, ukiivuta unakuta vitobo kama umepiga sindano, mwishowe kimoja kinatokea ndani. Maji ya mtoni peke yake yanaharakisha hilo, kulenti (maji maalumu ya kupozea injini) yenye dawa ya kutu inalizuia. Injini ya Wasweden ya miaka thelathini inakufa kwa kuokoa hela ya madumu mawili ya kulenti.

Oili

Oili imekuwa kama chai ya maziwa: maji yameingia. Laza gari usiku, asubuhi legeza nati ya sampu taratibu sana bila kuitoa, maji ni mazito kuliko oili yatatangulia, utaona ni kikombe au ni ndoo. Oili ikiwa ndani ya rejeta lakini sampu ni safi, wazia kula ya oili (kipoza oili) kwanza, maana injini ikiwa inatembea presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili ndo inayohama. Kula ya oili unaitoa na kuipima bila kugusa hedi.

Oili inapanda kwenye stiki ya kupimia badala ya kushuka: watu wanafurahi wakidhani gari haili oili. Hiyo ni dizeli inaingia kwenye sampu, kutoka kwenye pampu iliyolika au pampu ndogo. Dondosha tone kwenye gazeti, likiweka duara jeusi katikati na pete pana nyepesi inayosambaa pembeni, ni dizeli. Usitembee hivyo, oili nyepesi inamaliza beringi, na ikizidi sana injini inaweza kuinyonya ikakimbia yenyewe.

Presha imeshuka kwenye geji: kabla ya yote funga geji nyingine ya mkono kwenye bloku. Geji za zamani zinadanganya sana. Ikiwa kweli imeshuka, kata filta ya oili utandaze karatasi yake juani. Vipande vya rangi ya shaba ni beringi. Vinavyoshika sumaku ni chuma, gia au kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Vyepesi vyeupe visivyoshika sumaku ni pistoni. Hapo unafungua sampu ukijua unaenda kutafuta nini.

Injini imekimbia yenyewe

Haitokei mara nyingi ila ikitokea una sekunde. Injini inapanda resi peke yake, umezima haizimi, moshi mzito. Inaungua oili yake yenyewe kutoka kwenye tabo au sampu, au pampu imekwama wazi. Ikiwa inatembea, usikanyage klachi, ibane kwa breki kwenye gia ya juu mpaka ife. Ikiwa imesimama, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki zote, achia klachi, iue. Ama ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kipana kigumu, sio kwa mkono wala tisheti, itavuta. Ikishindikana kimbia, na usisimame usawa wa bloku.

Inagonga

Legeza bomba za nozo moja moja kama nilivyoeleza. Kugonga kukikoma kwenye silinda fulani, badilisha nozo yake na ya jirani, kelele ikihama na nozo umeshinda kwa bei ndogo. Kelele ikipungua kidogo tu lakini nozo haihusiki, ni konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) au pini ya pistoni. Ikiwa ni mlio mzito wa chini unaozidi ukiweka mzigo na presha ya oili imeshuka, zima hapohapo, vuta gari kwa kamba.

Gharama na kununua

Hapa sitaki nikupambe. 113 yangu na mzigo kamili inakwenda kama kilometa 1.8 mpaka 2 kwa lita, lori jipya la kompyuta linaipita, na kutoka Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, hesabu mwenyewe. Moshi wake ni mchafu kuliko wa mpya. Mafundi pampu wa kweli wenye mashine ya kupimia wanazidi kupungua, vijana wanasomea kompyuta na wana haki. Na spea feki zimejaa: niliwahi kununua seti ya beringi boksi zuri kabisa, zikaisha kwa safari tatu, siku hizi napima unene kwa maikromita dukani mbele ya muuzaji, akikataa naondoka.

Ukitaka kununua iliyopo, ukienda kuiona mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Iguse bloku iwe baridi, minya hozi, vuta stiki, kisha iwashwe we uko nyuma kwenye bomba. Na uliza kranki imechongwa mara ngapi. Beringi zinakuja za kawaida, alafu za kranki iliyochongwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kama iko 0.75 una mchongo mmoja tu umebaki, kama iko 1.00 bei ya kranki nyingine itolewe kwenye bei ya gari, na akisema hakumbuki, fungueni sampu mbele yake, namba imeandikwa nyuma ya beringi.